Sitara

Mimi ni mwosha wa wanawake, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne.
Ngozi naisoma kwa vidole kama wengine wasomavyo barua,
na kwa kuwa ni barua ya mtu,
nikimaliza naikunja, nanyamaza.

Mtoto wa kaka yangu, Hadia, anasomea uganga pale Bombo.
Juzi, tukichambua mchicha, akanichorea ngozi
nyuma ya risiti ya LUKU:
mstari juu, mstari katikati, chini mafuta.
"Shangazi, hili la juu kabisa limekwisha kufa.
Tunalipukutisha kila siku, na jipya linapanda.
Vumbi unalofagia mvunguni, humo nasi tumo."
Nikacheka. Miaka ishirini na sita naosha wafu
kwa mikono iliyovaa ufu.

Uhai uko chini yake, anasema:
visima vya jasho, mashina ya nywele,
nyaya za kuungua na nyaya za kubembelezwa,
na chupa za wino. Wa Mdigo na wa Mzungu
chupa ni zile zile, idadi ile ile;
kinachotofautiana ni mmimino.

Vizuri. Ila mimi nawajua kwa majina.

Binti Kilua, aliyeanika nyuzi za mkonge Kigombe:
viganja vyake sugu juu ya sugu,
maji yaliteleza kama juu ya jani la myugwa.
Bi Kache, ukurutu nyuma ya magoti tangu anyonye;
nilipofika hapo nilipapasa polepole
kana kwamba bado pangewasha.
Mwalimu Nasra, mwenye ualbino,
jua la Tanga lilimla ncha ya sikio;
kidonda miaka mitatu wakikiita chunusi.
Na yule wa Duga mwenye mkanda wa jeshi, nusu kiuno,
malengelenge yamepanga mstari kama kwata.
Wakasema karogwa.
Ningejibu nini? Sikuwa na mchoro wa Hadia.

Jumatano wakaniita Chumbageni, kwa Mwanaharusi.
Tulicheza rede pamoja, uwanja wa Makorora,
saa nane mchana, tumeng'aa jasho.
Baadaye akaanza mkorogo, kwenye kopo la jamu,
akijipaka usiku, akijifungia mchana.
Uso ukawa wa njano. Vifundo vya vidole vikagoma,
vikabaki vyeusi, kumi, mashahidi.
Alipopasuliwa tumbo, uzi haukupata pa kushika:
ngozi imekuwa ganda la kitunguu,
mishipa yote inaonekana kama njia kwenye ramani.

Nikamfunika kitovu hadi magoti.
Maji ya mkunazi, kisha karafuu maiti.
Nikaanza kulia, upande wa kulia yaani,
ingawa na lile lingine pia.
Nikainua nywele zake, na nyuma ya sikio la kushoto
pakawa na kipande, upana wa ukucha,
ambapo mkorogo haukufika.
Rangi ya kunazi bivu.
Rangi ya rede.
Hapo nikapitisha maji mara tatu.
Kisha, kwa kuwa witiri ni witiri, mara tano.

Wifi yake alisimama nje ya pazia, sauti chini:
"Na ule uso, vipi, umekaaje?"
Nikasema, "Ametakata."
Akangoja. Sikuongeza.

Nyumbani nikaviweka vidole vyangu mezani,
vimejikunja kama zabibu kavu.
Nilidhani maji huvilowesha vikalegea.
Hadia akatikisa kichwa: "Si maji, shangazi,
ni neva ndizo huvuta ngozi ndani,
ili vidole vishike kinachoteleza."

Akaenda kuinjika uji.
Nikabaki navyo, nikivitazama,
mpaka vikanyooka, kimoja kimoja,
cha shahada mwisho.