Saba Mara Nane

Bahasha ilifika Jumatatu, ina lakiri nyekundu,
kwenye bodaboda, kwapani mwa mtu wa wilaya.
Kilembe mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha
na mto Nyamwamba ulikuwa ukivingirisha mawe
kama mtu anayehamisha kabati peke yake.

Darasa la tatu. Watoto tisini na mmoja,
madawati ishirini na mawili.
Hesabu hiyo nilikwisha kuifanya zamani.

Ofisini, ukutani, kuna karatasi ya manila
yenye nguzo za kalamu ya rangi:
mwaka ule kusoma, asilimia arobaini;
uliofuata, thelathini na moja;
kisha mstari wa kahawia ambao hakuuchora mtu.
Mafuriko yaliingia yakasimama hapo,
yakaandika matokeo yao, yakaenda zao.
"Mwaka huu," alisema Bi Kabugho bila kunitazama,
"nguzo zisishuke chini ya tope."
Hakusema zaidi. Ana adabu.
Kumalizia sentensi aliniachia mimi.

Basi mtu wa wilaya alipotoka kutafuta mtandao,
simu juu, kama anayepima urefu wa paa,
nilipita kati ya madawati nikikohoa
na ndani ya kikohozi nikatia jibu:
swali la tisa, hamsini na nne.

Penseli tisini na moja ziliinama.
Tangu nishike chaki
sijapata kutiiwa hivyo.

Kusahihisha walituachia wenyewe.
Usiku, taa ya sola ikitweta,
nikafungua mwongozo wa majibu.
La tisa: saba mara nane, hamsini na sita.

Nilisoma tena. Nikahesabu kwa vidole,
mimi, mwenye cheti ndani ya fremu sebuleni.
Kisha nikaanza kukosoa:
kosa, kosa, kosa, kosa,
kalamu nyekundu ikipita katika mwandiko wa watoto
ikisahihisha kikohozi changu.

Karatasi ya Ithungu ilikuwa karibu ya mwisho.
Huketi sakafuni, jirani na mlango;
sauti yake naijua kwa neno moja, "Nipo."
Penye la tisa aliandika jibu, akalifuta.
Raba hana. Alifuta kwa mate na kidole cha shahada,
akafuta, akafuta, hata karatasi ikasalimu amri.
Shimo.
Kando yake, kwa tarakimu za heshima, 54.

Niliinua karatasi kwenye taa.
Ukingoni mwa shimo palisalia kitumbo cha sita,
kitumbo tu, cha mviringo.

Nikageuza. Upande wa pili ni kusoma:
kisa kifupi cha mvulana na mbwa wake.
Shimo lilikuwa limemeza maneno mawili matatu,
na swali la chini likauliza mbwa alijificha wapi.
Kwa Kiingereza cha kujikongoja Ithungu alijibu:
ndani ya shimo.

Mwongozo unasema, chini ya kitanda.

Nilikaa na kalamu hewani
hadi taa ikanizimikia.

Sikumpa alama. Kitumbo si namba,
na mtu wa wilaya angeuliza.
Bi Kabugho alichora nguzo mpya, fupi,
miguu yote ndani ya tope,
akafunika kalamu bila neno.
Mimi nilitaka kusema. Nikauliza kama chai ipo.

Darasani nilisema, ila kwa kuzunguka:
"Wakati mwingine mwalimu hukosea."
"Ndiyo mwalimu!" wakaitikia wote kwa pamoja,
kama wanavyoitikia kila kitu.

Jana niliandika ubaoni: sita mara tisa.
Nikaandika na jibu, hamsini na nne.
Namba ileile, safari hii kwao kabisa.
Penseli zikainama.
Moja, kule mlangoni, haikuinama.
Chini ya sweta vidole vilikuwa vikitembea,
kimoja, kingine, vikirudi mwanzo,
na macho yalikuwa juu yangu, hayana haraka.

Nikangoja, chaki mkononi,
matokeo yangu yatoke.