Chapa ya Pili

Usiku nilichemsha maji kwenye sufuria ndogo,
nikanyunyiza unga wa jelatini, kijiko kwa kijiko,
nikakoroga polepole, maana ukiharakisha inatoa povu,
na kila povu huacha shimo, na shimo halifichiki.
Gliserini niliinunua duka la dawa karibu na soko.
Muuzaji akauliza, "Ngozi imekauka?"
Nikajibu, "Ndiyo, ngozi," kufupisha maneno.

Nikamimina kwenye trei ya kuokea.
Saa nne umeme ukakatika.
Friji likanyamaza. Nikaitua trei sakafuni,
kando ya mtungi, nikaifunika ungo,
nikalala sikio wazi, kama mwenye mgonjwa ndani.

Alfajiri imeganda. Inatikisika, haivunjiki.
Acan ameiona kabla yangu, kijiko mkononi.
"Si ya kula."
"Basi ya nini?"
Na Mama Nekesa dirishani:
"Leo mnapika nini kisichonukia?"

Hapa Walukuba, nyumba za wafanyakazi,
kitambaa tunakijua tangu tumboni.
Baba alilisha mashine ya kuchapa vitenge miaka kumi na tisa,
yadi kwa yadi, ua lile lile, ua lile lile,
mpaka ua likawa si ua tena, likawa mshahara.
Mimi nina rola moja ya mpira, imechubuka upande,
makopo matatu ya rangi,
na jani la muhogo la nyuma ya bafu, bado lina umande.

Napaka buluu, nyembamba. Rola inanong'ona
kama kandambili kwenye sakafu yenye maji;
hapo najua rangi imetosha.
Nalaza jani, mishipa chini.
Naweka karatasi, nasugua kwa kiganja,
nabandua kuanzia pembeni,
kama plasta kwenye goti la mtoto.

Chapa ya kwanza: jani jeupe, kali, kama limekatwa kwa wembe.
Zuri. Halina la kusema.

Naliondoa jani. Chini yake imebaki rangi kidogo,
iliyojibanza palipokuwa na mishipa.
Naweka kipande cha marekani, shuka kuukuu,
nakandamiza kwa muda mrefu zaidi,
na hapo ndipo jani linapokuja lenyewe,
kila mshipa, kila tundu la kiwavi,
hafifu, kama sauti ya mtu aliye chumba cha pili
anayetaja jina lako bila kukuita.

Baba akatoka na kikombe cha chai.
"Mashine yako iko wapi?"
Nikamwonyesha trei. Rangi mbichi juu yake.
Akaigusa kama anayepima mkate,
kisha akaweka kiganja chote, akaegemea.
Alipoinua mkono akaona alichoacha:
vidole vitatu vizima, cha nne nusu,
cha tano kimeishia kwenye kifundo,
pale ilipopita rola nyingine
mwaka ambao mimi sijazaliwa
na ambao nyumbani kwetu hautajwi.

Sikusema pole. Pole ilishapitwa na wakati.
Nikaleta kitambaa haraka, rangi isikauke.
Akasugua mwenyewe, kwa mkono ule ule.

Ikatoka nzito, doa tu la buluu.
"Tupa."
"Ngoja, bado ya pili."

Ya pili: mistari ya kiganja, kovu,
na pale pasipo na kidole
buluu imekaa, imetulia,
kama mgeni aliyewekewa kiti.

Hakusema kitu. Chai ilipoa.
Aliianika mwenyewe, kwa kibanio kimoja,
kati ya sare ya Acan na taulo.

Jioni niliikata jelatini vipande, nikairudisha jikoni.
Ikayeyuka pamoja na jani, na mkono,
na pembe moja yenye alama ya kijiko
(nani mwingine?).
Jelatini haina kinyongo. Kesho itaganda upya,
laini, haijui lolote.

Mama Nekesa alikuwa bado kwenye kamba,
ameinamisha kichwa, anahesabu vidole.
"Hiki bei gani?"
"Hicho hakiuzwi," Baba akasema.
"Njoo kesho. Yatakuwepo majani."