Daftari la Vipimo

Ukurasa wa kumi na nne, kwa penseli:
Mideva Kavai, miaka kumi na mmoja.
Kifua ishirini na sita, kiuno ishirini na tatu.
Mkono sikuandika, maana alikuwa mti,
na mti wa tamasha la shule hauna mikono.
Nilimshonea pazia kuukuu la kijani.
Mti haukupewa maneno.
Ila Jumatatu mwalimu wao alikuja Kibuye
kulipa salio, akacheka, akasema
waamuzi walitaka kujua nani alivuma kule nyuma,
na kwa nini hakuna aliyemsikiliza mfalme.

Ukurasa wa thelathini: kanzu ya chifu.
Wavulana waligoma kunyolewa kipara,
yeye akaketi kwenye kiti cha kinyozi.
Mabega yameongezeka inchi mbili.
Pembeni nimeandika: *nadai mia mbili*.

Kisha kurasa nyingi ni za watu wengine,
mabibi harusi, wauguzi, kwaya nzima ya Ahero.

Anarudi kwenye ya hamsini na tisa,
ukumbi wa mabati, Kondele, mimi mstari wa tatu
na sindano imechomekwa kwenye kola.
Mvua ya Kisumu haibishi hodi.
Iliangukia paa malkia akiwa katikati ya shtaka
ikameza kila neno.
Wenzake wakapaza sauti mpaka mishipa ikawatoka.
Yeye aliketi. Akachukua kile kiazi kitamu cha maonyesho,
cha kweli, nilikichemsha mwenyewe,
akakimenya kwa kucha, polepole,
akala, akatazama juu, akatutazama sisi,
akala.
Dakika kumi na moja. Hakutoka mtu.
Mvua ilipokatika alifuta mdomo
akaendelea kutoka neno lile lile.

Nakuru walimkataa.
Alikwenda kujaribiwa na gauni langu la bluu,
wakamwambia sauti yake imeuzidi uso wake.
Akarudi kuuza salio la simu karibu na stendi.
Aliniomba nilinunue lile gauni.
Nikamwambia nguo iliyovaliwa kwa hofu haiuziki.
Uongo. Ningeliuza kabla ya adhuhuri.

Ukurasa wa themanini na mbili, wino mwekundu:
kiuno ishirini na saba.
Wiki tatu baadaye, ishirini na tisa na nusu.
Tepu haina mdomo,
na wangu umejaa pini.
Alikuwa akiigiza mwanamwali
anayeposwa kwa ng'ombe kumi na watatu.
Nikapandisha mkanda hadi chini ya kifua,
nikaongeza marinda mbele,
na kila Ijumaa usiku nikafumua ubavu kidogo
bila kugusa bei.
Mama yake alijua mwezi wa sita.
Mwongozaji alijua onyesho la mwisho,
alipoinama kupokea makofi
na uzi wangu ukasema *tak*.

Kisia alilala kwenye kapu la vitambaa,
kichwani taji la karatasi ya sigara.
Sauti ya mama yake ilirudi imeshuka,
ina changarawe chini, kama Nyando wakati wa kiangazi.
Wazee wa kwaya wakasema imeharibika.
Mimi noti sizijui.
Najua kifua kilisoma thelathini na sita,
akavuta pumzi,
tepu ikaniteleza vidoleni
hadi thelathini na tisa.

Juzi alipiga simu. Amepata jukwaa Marekani,
mji nimeuandika kama nilivyousikia: Boltimo.
Watamshonea wenyewe, wanataka tarakimu tu,
leo, kabla hawajafunga ofisi.
Nikafungua ukurasa wa mwisho, nikavaa miwani,
nikamsomea kifua, kiuno, nyonga, mkono,
kila kimoja nikikiongeza nusu inchi.
Watu wale, nasikia, hukata sawasawa na hesabu.
Hawaachi kitambaa pindoni.