Safu ya Nne

Mwaka ule nilikuwa nikipiga pasi mashuka ya wageni,
Shela, nyumba ya ghorofa tatu, mashuka arubaini kwa siku.
Kompyuta yangu ilikuwa imekufa vidole viwili:
N, na ile ya nukta-mkato.
Kila N niliiokota kwingine nikaibandika.
Fundi wa Langoni aliniuzia kwa elfu sita, akasema,
"Hii ni ya kujifunzia subira, si kitu kingine."

Zuena Famau alirudi kutoka Nairobi kumuuguza babake,
kazi yake ya kuandika programu akaja nayo mkobani.
Alinisikia barazani nikiuliza msimbo unaanzia wapi,
vijana wakicheka.
"Unaanzia pale unapokosea,"
akasema, na hakusimama.
Kesho yake nikabisha hodi kwao, Mkomani.

Hakunipa jibu hata moja.
Baada ya isha, mzee akikohoa chumba cha ndani,
nilimletea kioo chekundu kwa makosa,
naye anakatakata bamia:
"Mstari wa kwanza unasemaje?"
"Sijui."
"Sikukuuliza unajua nini. Usome."
Nikausoma, kwa sauti, kama mtoto wa chuoni.

Kisha nikanaswa na kitanzi kisichokwisha.
Mashine ilihesabu usiku kucha, feni ikilia,
na asubuhi nikasinzia juu ya pasi,
shuka likaungua, nikakatwa mia nane.
Nikamwambia, dada Zuena, haya si yangu.
Akavuta karatasi, akachora mkunjo mmoja mtupu.
"Soma."
"Haisomeki. Yaweza kuwa be, yaweza kuwa te."
Akatia nukta moja chini.
"Be."
"Ulilia siku ngapi ulipojifunza hiyo?"
"Sikumbuki."
"Na haya hutayakumbuka."
(Nayakumbuka.)

Programu yangu ya kwanza ilikuwa daftari la mama,
la madeni ya mahamri na mbaazi.
Safu tatu: jina, kiasi, tarehe.
Nikaiamuru ipange, mkubwa juu.
Juu kabisa akakaa ami Shebwana,
elfu kumi na moja na mia nne.
Mama akanyamaza, kisha:
"Mashine hii haina haya."
"Inasema kweli, mama."
"Kweli nilikuwa naijua.
Unadhani kwa nini naandika kwa penseli?"

Zuena alicheka hadi akaweka kisu chini.
Halafu hakucheka.
"Umejenga ulichotaka wewe. Rudi.
Kaa naye mahamri mia mbili, umtazame mkono."

Nikakaa, alfajiri tano, moshi machoni.
Nikaona: kuna majina hayafuti wala hayadai.
Anayapigia kijistari chini, chembamba kama unywele,
anageuza ukurasa.
Nikaongeza safu ya nne, nikaiita Amesamehewa,
na aliyemo humo haonekani ila na mama.

Kampuni tisa zilinitaka cheti.
Ya kumi, ya Mombasa, iliniuliza nimejenga nini.
Nikawaonyesha madeni ya mahamri.
Yule bwana upande wa pili alifika safu ya nne, akanyamaza,
akauliza kwa nini.
Nikamweleza habari ya penseli.

Zuena hakuwepo. Mzee alikuwa amekwisha kuzikwa,
naye amevuka Mokowe kupanda basi,
amenitumia neno moja tu: Endelea.

Mshahara wa kwanza uliingia Ijumaa.
Nikafungua daftari, nikaandika: Zuena Famau.
Tarehe nikaweka. Kiasi nikakiacha.
Nikabonyeza.
Yakaja mekundu, maneno yangu mwenyewe ya mwaka juzi:
Kiasi hakiwezi kuwa tupu.

"Yasemaje?" mama, kutoka jikoni.
Nikausoma mstari wa kwanza, kwa sauti.

Mahamri yakachemka kidogo kwenye mafuta.
"Iwate hivyo hivyo," akasema. "Leo imesema kweli."