Makoti ya Watu Wengine

Januari ile Budapest iliganda mpaka kwenye ulimi.
Tramu ilikwaruza ukingo wa Danube
kama kisu kwenye sahani tupu,
na mimi, karani wa miezi mitatu,
nikapewa kubeba mafaili ya wazee wawili
ambao kituo kizima kilingoja wastaafu,
wao wakasahau.

Kerekes Ottilia, miaka sabini na mmoja,
alitembea na kokwa za plamu mfukoni.
Kila aliposikia uongo alihamisha moja,
kutoka kushoto kwenda kulia.
Jioni alizimwaga mezani:
"Leo kumi na tisa. Kumi na moja za mkuu wetu."

Somogyi Vendel hakuingia kwa maiti bila hodi.
Aligonga fremu ya mlango, akangoja,
akangoja kweli, kofia mkononi,
wapiga picha wakikonyezana,
kisha akasema ahsante, akaingia.
Nilimuuliza: kwani huwa wanaitika?
"Hawaitiki. Ila si kwao tu ninakobishia hodi."
Sikuelewa. Nikaandika.

Wa kwanza alikutwa kituo cha mwisho cha tramu,
ameketi wima ndani ya koti la manyoya la kike.
Wa pili alielea katika bafu la umma,
maji ya moto yakifuka,
amevaa koti zito la sufu,
vifungo vyote vimefungwa hadi kidevuni.
Wachezaji sataranji majini
walimaliza kwanza mchezo wao, ndipo wakaita polisi.
Wa tatu, kwenye lifti iliyokwama,
koti la kijivu, kiraka cha ngozi kiwikoni.
Wote vinywa vinanukia mnanaa.
Wote mfukoni kibati cha shaba chenye namba.

Mbele ya lifti mzee Vendel alibisha hodi
na hakuingia.
"Magoti," alisema.
Ottilia alimtazama kwa muda,
mkono wake ukashuka mfukoni taratibu.

Wengine walitafuta sumu, walitafuta wadeni.
Wazee wangu walitafuta vibanio.
Siku nne tulizunguka mitaa,
thermosi ya supu ya maharage ikining'inia shingoni mwangu,
hadi ukumbi wa Mbayuwayu,
ambao marehemu watatu walitia saini
ubomolewe, pawe maegesho ya magari.

Dudás Piroska alikuwa bado nyuma ya kaunta yake,
chumba cha makoti, giza, taa moja,
bakuli la peremende za mnanaa mbele yake.
"Msile hizo," alisema. "Zenu ziko kwenye kopo."
Miaka arobaini na sita alipokea makoti,
na kila msimu yapo yaliyosahauliwa.
Aliyapiga brashi. Aliyatia mitishamba ya nondo.
"Walikuja kupima kuta kwa futi, wakiwa na baridi.
Niliwavisha. Hakuna aliyeuliza koti ni la nani."

Ottilia alisikiliza saa nzima.
Kokwa haikuhama hata moja.

Kisha bibi yule akamgeukia Vendel:
"Namba mia nne na kumi na mbili.
Kijivu. Kiraka nilikishona mimi.
Ulitoka kabla pazia halijashuka, theluji inaanguka,
ukamwacha binti wa watu na viti viwili.
Aliniuliza umekwenda wapi.
Nikasema: atarudi, koti lake liko hapa."

Tramu ilipita nje, kuta zikatetemeka,
vibanio vitupu vikagongana.

Vendel alivua kofia.
Ottilia alitoa kokwa kutoka mfuko wa kulia,
ile moja ya kwenye lifti,
akaiweka juu ya kaunta
kama mtu anayelipa deni la chai.
"Hiyo nilikaa upande gani, Vendel,
kiti cha saba au cha nane?"

"Cha nane," alisema mzee.

Nilikuwa na kalamu mkononi.
Sikuliandika hilo kwenye faili.