Alama ya Maji Yasiyokuja

Februari, uwanda wa Manitoba.
Nachomeka bomba la alumini kwenye theluji
mpaka ligote ardhi iliyokaza kama saruji,
nalinyanyua, nalitundika kwenye mizani ya ndoano.
Sentimita tisa za maji,
zimelala zikiwa na sura ya kitu kingine.

Hiyo ndiyo kazi yangu: kupima mto
ungali umetandazwa mashambani,
haujajijua kuwa ni mto.

Vituo arobaini na viwili. Kope zinagandana.
Usiku naziingiza namba kwenye kompyuta,
nayo inaota masika mia moja,
kila moja na mvua yake, na joto lake la mapema au la kuchelewa.
Katika ndoto nyingi maji yanapita chini ya daraja kwa adabu.
Katika nyingine yanaingia kanisani bila kuvua viatu.
Nahesabu.
Naandika: asilimia thelathini na tano.

Shida ya Mto Mwekundu ni kwamba unakwenda kaskazini.
Kusini huyeyuka kwanza. Maji yanashuka na haraka zake
na mbele yanaukuta mlango wa barafu,
umekomewa kwa ndani.
Haya niliyaeleza kwenye ukumbi wa shule
mbele ya watu mia mbili waliogoma kuvua makoti.

Akasimama Justina Penner, mfuga ng'ombe, mjane,
glavu zake kazikamata kama barua.
"Thelathini na tano," akasema. "Mimi nyumba ninayo moja.
Haiwezi kuzama theluthi.
Yatakuja, au hayatakuja?"

Nikasema: sijui.
Nikasema: ila kiasi nisichokijua nakijua vizuri sana.
Ukumbi ukacheka. Yeye hakucheka.
Kesho yake aliuza ndama sita,
akaagiza mifuko elfu nne na mchanga wa kuijaza.
Delmer, mwanawe, alijaza wiki tatu amenuna,
ukuta ukaizunguka nyumba kama kola iliyoinuliwa.

Aprili ikaja kama mgonjwa anayejifunza kutembea:
mchana tone, usiku kuganda,
mchana tone.
Kisha barafu ikakatika, mlio wake ukasikika hadi benki.
Mto ukapanda. Ukasimama
dhiraa moja chini ya mfuko wa kwanza wa Justina,
ukafikiri siku mbili,
ukaenda zake.

Dukani wakaniuliza bei ya mchanga.
Wakasema nimemfilisi bibi wa watu kwa hesabu.
Na zile sitini na tano zilikuwa halali yangu pia,
lakini nani alishawahi kulipia mkate kwa asilimia?

Mei nikaenda kwake, kofia mkononi.
Hakunikaribisha ndani; alinipeleka zizini.
Kwenye mwimo wa mlango kuna mistari ya mafuriko:
wa babu yake, wa mwaka alioolewa,
wa mwaka ambao piano ilikutwa barabarani.
Na juu kidogo ya goti langu, mmoja mbichi,
wa samawati, rangi bado inanata.

"Maji hayakufika hapa," nikasema.

"Najua. Lakini yalitoka kwao."

Akafuta kidole chake kwenye aproni,
akanipa kisu cha kukatia kamba.
Mifuko ilikuwa elfu nne,
na mchanga alitaka urudi kwenye lori kabla ya giza.