Utenzi wa Kishindo cha Tatu

Naitwa Eteri, fundi,
naishi kwa waya, gundi,
usiku macho ya bundi,
kazi yangu iko chini.

Ni chini ya Kutaisi,
penye baridi kiasi,
mashine inadadisi
mnong'ono wa mwambani.

Mwenye mashine, Tsiala,
msomi asiyelala,
penzi kwake ni suala
lisilokaa mizani.

Mamake, Bibi Lamara,
alimletea mara
mwenye duka la sigara,
mara wakili wa nani!

Aliwauliza: "Ufa
wa mji wajua sifa?"
Wakahema, nusu kufa,
wakatokea jikoni.

Ijumaa, saa mbili,
mashine ikabadili
mwandiko, ikakejeli
elimu ya vitabuni.

Kishindo, kisha kishindo,
cha tatu kina mtindo
wa kuchelewa kimwendo
kama bwege karamuni.

(Nami fundi, si malenga;
silabi ikinichenga,
ikachelewa kujipanga,
msinicheke, wandani.)

Ijumaa zote nane
ni ule, siyo mwingine.
"Eteri, hebu tuone,"
alinyanyuka kitini.

Nikasema: "Ni machimbo."
"Machimbo hayana wimbo!"
"Basi treni, ama chombo
cha kufua nguo ndani."

Akakokotoa kina
— kina nasema, si vina! —
akakuta kwamba hana
haja kuvuka Rioni.

Kina sifuri! Na chanzo
nyumba ya kona, ya mwanzo;
si shule wala mafunzo,
mng'oa meno, jirani!

Tukavuka barabara
kwa viatu vya mpira,
Tsiala kashika dira,
nami na waya shingoni.

Mlango umefunguka,
tukaona anaruka
mwanamume, ameshika
kioo cha mdomoni.

"Ni ngoma yetu ya panga,"
alisema, kajipanga,
"dadangu ndoa afunga,
naogopa uwanjani."

Jina lake ni Murazi,
miguu kama ya mbuzi.
Tsiala, bila pumzi,
akamkazia mboni:

"Ni wewe! Mguu wako
wa kushoto una mwiko;
kila Ijumaa huko
unachelewa njiani.

"Robo nzima ya sekunde!
Hebu tua, usipinde
goti; tumbo lisiende
na kuiruka foleni."

Murazi akaduwaa,
kinywa kikasema "aa",
yeye ambaye hukaa
akisema: "Fungueni!"

Akauliza kwa woga:
"Je, mji ninavuruga?
Kwa vishindo navyopiga,
ukubwa wake ni nini?"

"Hasi moja," akacheka,
"hata panya hakuruka;
ni mimi niliyeruka
nusu mita, ofisini."

Nikakohoa: "Naenda,
kuna waya nimepinda."
Uongo mwema hushinda
ukweli wa mlangoni.

Wiki ikapita. Peke
yangu, na kikombe chake
kimepoa, nisicheke,
nilikaa mitamboni.

Nikaona nyayo nzito,
na nyepesi, kama wito;
na mguu wa kushoto
ukatua kwa makini.

Kisha, kimya kikatanda;
kalamu haikupanda,
nyumba yote iliganda
sekunde arobaini.

Mara! Pigo kubwa mno,
nadhani kiti cha jino
kimekwenda, na mikono
yake, huko sakafuni.

Kwenye safu ya sababu
ya tukio, taratibu,
nikaandika jawabu:
"Si ufa. Ni majirani."

Kesho mama yake, simu:
"Nimepata wa muhimu!
Hodari, ana elimu,
mng'oa meno mjini!"

Tsiala akajikuna:
"Haya mama, nitamwona,
dakika kumi, hapana
zaidi. Niko kazini."